Joseph Whitworth: Mtoto wa kiwanda cha pamba aliyeipa dunia kipimo cha hesi

Aghalabu kiti cha mbele cha gari hushikiliwa sakafuni na bolti nne. Bolti hizo nazo hushikiliwa na kitu kidogo zaidi: mfuo mwembamba unaoizunguka bolti kama ngazi ya mnara, ambao vitabu vya ufundi huuita hesi na vijana wa gereji huuita thredi. Hesi ikilika, kiti hucheza. Gari likigonga kitu, kiti huchomoka na kwenda mbele pamoja na aliyekikalia.

Kwa fundi wa Nkoma mjini Mbale, au wa Jinja, anayefufua Land Rover, Morris au Austin iliyoingia Uganda kabla ya uhuru wa mwaka 1962, hesi iliyolika ina historia ndefu. Historia hiyo inaanzia kwa mtu aliyefariki Januari 1887, mwaka mmoja tu baada ya Karl Benz kusajili hataza ya gari lake la petroli. Jina lake ni Joseph Whitworth.

Utoto uliotawanyika

Whitworth alizaliwa tarehe 21 Desemba 1803 katika mji wa Stockport, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake, Charles, alikuwa mwalimu wa shule, na baadaye akawa mchungaji. Mama yake alifariki Joseph akiwa bado mtoto, na baada ya msiba huo familia ilitawanyika.

Alipotimiza miaka 14 alipelekwa kwa mjomba wake huko Derbyshire, aliyekuwa na kiwanda cha kusokota pamba. Matumaini ya wakubwa yalikuwa kwamba kijana angejifunza biashara na hatimaye kuirithi. Ila macho yake hayakuwa kwenye pamba, yalikuwa kwenye mashine zilizoisokota. Aliona jinsi zilivyotengenezwa kwa kukadiria, kila kipande kikilazimishwa kuingia mahali pake kwa tupa na nyundo. Baada ya miaka kama minne aliuacha urithi aliowekewa, akaenda Manchester kufanya kazi kwa mikono kama fundi wa kawaida.

Mwaka 1825 alimwoa Frances Ankers, na muda si mrefu akahamia London. Huko alipata nafasi katika karakana ya Henry Maudslay, fundi aliyesifika kuliko wote nchini kwa mashine za kukereza chuma. Baadaye alifanya kazi pia kwa Joseph Clement, wakati karakana hiyo ilipokuwa ikitengeneza mashine ya kukokotoa hesabu ya Charles Babbage, ambayo leo huhesabiwa miongoni mwa mababu wa kompyuta.

Vibao vitatu

Akiwa bado London, Whitworth alijishughulisha na swali lililoonekana dogo: fundi anawezaje kujua kwamba kipande cha chuma kimenyooka kabisa? Desturi ya wakati ule ilikuwa kusugua vibao viwili vya chuma kimoja juu ya kingine kwa unga wa kusagia. Njia hiyo ilikuwa na hila ndani yake. Kibao kimoja chaweza kubonyea na kingine kikabinuka, vikashikana vizuri kabisa, ilhali vyote viwili vimepinda.

Jibu lake lilikuwa kuongeza kibao cha tatu. Cha kwanza kikilingana na cha pili, na cha pili na cha tatu, na cha tatu na cha kwanza, hapana nafasi ya kosa kujificha. Na badala ya kusugua, alikwangua kwa chombo chenye makali sehemu zile tu zilizoinuka, akizitambua kwa rangi aliyopaka. Mafundi wenzake hawakuamini kwamba jambo hilo lingewezekana, mpaka alipowaonyesha. Mwaka 1840 aliieleza njia hiyo mbele ya mkutano wa wanasayansi mjini Glasgow, na hadi leo bado inafundishwa.

Mwaka 1833 alirudi Manchester, akakodi chumba chenye nguvu ya injini ya mvuke, akatundika kibao mlangoni kikimtambulisha kuwa mtengenezaji wa zana kutoka London. Hakuwa mtu wa kutengeneza bidhaa za madukani. Alitengeneza mashine za kutengenezea mashine nyingine: za kukereza, za kutoboa, za kuranda chuma. Aliunda hata gari la kukokotwa na farasi lililofagia barabara za Manchester, mji uliokuwa umejaa masizi na matope.

Kila karakana na bolti yake

Katika miaka hiyo kila karakana ya Uingereza ilikata hesi kwa namna yake. Bolti ya unene wa nusu inchi kutoka Leeds haikuingia katika nati ya nusu inchi kutoka London. Mashine ikiharibika mbali na ilikotengenezwa, ilibidi fundi akate bolti mpya kwa kubahatisha, au mwenye mashine asubiri. Reli ndiyo kwanza zilikuwa zikienea, na injini za treni zilikuwa zikisafiri mamia ya maili kutoka kwenye karakana zilizoziunda. Bolti moja isiyopatikana iliweza kuisimamisha treni nzima.

Whitworth hakuanza kwa kuwaamuru watu waifuate bolti yake. Alikusanya parafujo na bolti kutoka karakana nyingi za nchi, akazipima moja moja, akatafuta wastani. Mwaka 1841 aliwasilisha matokeo yake mbele ya chama cha wahandisi wa ujenzi mjini London. Pendekezo lake lilikuwa na mambo mawili. La kwanza ni pembe: ubavu mmoja wa jino la hesi na ubavu unaolitazama vifanye pembe ya digrii 55, na ncha pamoja na mizizi ya meno iviringwe badala ya kuachwa kali. La pili ni hesabu: kila unene wa bolti uwe na idadi yake ya meno kwa kila inchi. Bolti ya robo inchi ilipata meno 20, ya nusu inchi 12, na ya inchi nzima 8.

Nguvu ya pendekezo hilo ilikuwa katika chanzo chake. Kwa kuwa lilitokana na wastani wa mazoea ya wengi, hakuna karakana iliyolazimika kuyaacha mazoea yake yote. Kampuni za reli zilianza kulifuata, na kufikia mwisho wa miaka ya 1850 lilikuwa limeenea karibu kote Uingereza. Hicho ndicho kinachohesabiwa kuwa kipimo cha kwanza cha hesi kukubaliwa na taifa zima.

Mtihani wake mkubwa ulikuja wakati wa Vita vya Crimea, vilivyoanza mwaka 1853. Jeshi la majini la Uingereza lilihitaji kwa haraka injini zipatazo 90 za boti za mizinga, kazi ambayo karakana moja isingeimaliza kwa wakati. Mtengenezaji, John Penn, alifungua injini za mfano, akagawa vipande vyake kwa karakana mbalimbali ili kila moja inakili kile ilichopewa. Vipande viliporudi vilikutana na kufungana, kwa sababu wote walikata hesi moja. Kazi hiyo ilimalizika kwa takriban miezi mitatu.

Kipimo na bunduki

Whitworth aliamini kwamba fundi hawezi kutengeneza vizuri kitu asichoweza kukipima vizuri. Katika maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851 alionyesha zana zake, na jina lake likavuka mipaka. Mashine yake ya kupimia iliweza kutambua tofauti ya sehemu moja ya milioni ya inchi, kiasi kwamba joto la kidole kilichogusa kipande cha chuma lilitosha kubadili kipimo.

Usahihi huo haukutumika kwa amani pekee. Serikali ilimwomba aichunguze bunduki ya jeshi, na Whitworth akaunda ya kwake, yenye mtutu ambao ndani yake ulikuwa na pande sita. Katika majaribio ya mwaka 1857 iliishinda mbali bunduki ya Enfield kwa shabaha. Mwaka 1860 Malkia Victoria alifungua mashindano ya shabaha huko Wimbledon kwa kufyatua bunduki ya Whitworth iliyofungwa juu ya kitako cha chuma, na risasi ikatua karibu kabisa na kitovu cha shabaha, umbali wa yadi 400.

Hata hivyo jeshi la Uingereza liliikataa: ilikuwa ghali mno, na mtutu wake ulichafuka upesi. Walioitumia ni wapiganaji wa majimbo ya kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Inaaminika kuwa risasi ya bunduki hiyo ndiyo iliyomuua Jenerali John Sedgwick wa upande wa kaskazini mwezi Mei 1864. Katika maisha ya Whitworth mambo haya mawili yalikwenda pamoja: kipimo kilichowaunganisha mafundi wasiofahamiana, na silaha iliyoweza kumfikia mtu asiyemwona mpigaji.

Mali yake na vijana wa karakana

Mwaka 1868 Whitworth alianzisha ufadhili wa masomo 30, kila mmoja wa pauni 100 kwa mwaka, kwa vijana wa uhandisi. Sharti lake lilikuwa geni kwa zama zile. Mtahiniwa alipimwa kwa hesabu na sayansi, na pia kwa kazi ya mikono: kutumia tupa, kukereza, kufua chuma. Msomi asiyejua kushika tupa hakutosha, wala fundi asiyejua hesabu. Ufadhili huo ungalipo hadi leo.

Mwaka uliofuata alitunukiwa cheo cha baroneti. Mwaka 1870 alimpoteza mkewe Frances, na mwaka 1871 alimwoa Mary Louisa Orrell. Mwaka 1874 kampuni yake iligeuzwa kuwa ya hisa, na wafanyakazi wakapewa nafasi ya kununua sehemu yao. Alifariki tarehe 22 Januari 1887 huko Monte Carlo, alikokuwa amekwenda kwa ajili ya afya yake, akiwa na umri wa miaka 83. Alizikwa Darley Dale, katika jimbo lile lile la Derbyshire alikokuwa mwanagenzi wa pamba. Hakuacha mtoto. Sehemu kubwa ya mali yake ilikwenda kwenye elimu, hospitali na makumbusho ya sanaa ya Manchester yanayoitwa kwa jina lake.

Safari ya hesi mpaka Mbale

Hesi ya Whitworth ilifika Afrika Mashariki ndani ya masanduku ya mashine za Kiingereza. Ilikuja na reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Ilikuja na mashine za kuchambulia pamba, baada ya zao hilo kuanza kupandwa Uganda mwanzoni mwa karne ya 20 na kustawi katika nchi za Busoga na za kuzunguka Mbale. Pamba hiyo ilisafirishwa nje kulisha viwanda vya aina ile ile aliyoikimbia Whitworth akiwa kijana.

Magari ya Kiingereza ya nusu ya kwanza ya karne ya 20 yalifungwa kwa hesi hiyo na ndugu yake yenye meno membamba zaidi, ijulikanayo kama hesi laini ya Uingereza. Pembe ni ile ile ya digrii 55, ila meno ni mengi zaidi kwa kila inchi ili bolti isilegee kwa mtikisiko.

Marekani ilikuwa imechukua njia nyingine. Mwaka 1864 William Sellers wa Philadelphia alipendekeza hesi ya digrii 60 yenye ncha bapa, akieleza kuwa ni rahisi zaidi kuitengeneza. Tofauti ya digrii tano ilionekana ndogo mpaka Vita vya Pili vya Dunia, ambapo vipuri vya washirika hao wawili vilikataa kuingiliana. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana juu ya hesi ya pamoja, ya digrii 60. Katika miaka ya 1950 viwanda vya magari vya Uingereza vilianza kuhama, na kuanzia mwaka 1965 nchi hiyo ilielekea kwenye vipimo vya milimita, ambavyo magari ya Ulaya bara kama Peugeot 404, na baadaye magari ya Japani, yalikuja navyo.

Kwa hiyo gari kuukuu la Kiingereza lililopita mikononi mwa wenye watano au sita laweza kubeba hesi za aina tatu katika mwili mmoja. Hapo ndipo kiti hulegea.

Tundu moja, bolti mbili

Chukua mfano wa bolti ya kiti yenye unene wa inchi tano kwa kumi na sita. Hiyo ni sawa na milimita 7.94. Ikipotea, iliyo karibu katika kopo la gereji ni ya milimita 8. Kwa jicho hakuna tofauti. Lakini ya kwanza, ikiwa ni ya hesi laini ya pamoja, ina meno 24 kwa inchi, yaani nafasi ya milimita 1.06 kutoka jino hadi jino, na ya pili ina nafasi ya milimita 1.25. Mizunguko miwili ya kwanza huingia kwa mkono. Kuanzia wa tatu spana hulazimisha, na kila mzunguko hunyoa meno ya nati iliyochomelewa chini ya sakafu. Bolti hukaza, dereva huridhika, na kilichobaki ndani ni nusu ya nguvu au pungufu.

Matengenezo sahihi huanza na swali la Whitworth, nalo ni la kipimo. Fundi hutambua hesi ya asili kwa kigezo cha meno, au kwa kuilinganisha na bolti ya kiti cha pili ambayo haijaguswa. Kisha hulainisha kutu kwa mafuta na kusafisha tundu kwa tapu ya aina ile ile, akizungusha nusu mzunguko mbele na robo nyuma ili vumbi la chuma litoke. Mara nyingi hilo hutosha.

Meno yakiwa yamekwisha kunyolewa, tundu hupanuliwa kwa keekee, hukatwa hesi kubwa zaidi, na ndani yake huingizwa koili ya waya mgumu inayorudisha kipimo cha asili. Nati ikiwa imeng'oka au sakafu imeliwa na kutu, hakuna njia ya mkato: bati bovu hukatwa, na nati mpya huchomelewa juu ya kipande cha chuma kipana kinachosambaza mzigo. Anayeshika mashine ya kuchomelea hana budi kukumbuka kwamba katika Land Rover za zamani tangi la petroli liko chini ya kiti cha mbele, na kwamba kisanduku cha viti hivyo ni cha alumini, kisichokubali kuunganishwa na nati ya chuma kwa moto.

Mkanda wa usalama nao una bolti yake. Karibu duniani kote, hata katika magari ya milimita, bolti hiyo ni ya inchi saba kwa kumi na sita yenye meno 20 kwa inchi, ya hesi ya pamoja. Ya Whitworth ya unene huo huo ina meno 14, na ya hesi laini ya Uingereza ina 18. Zote tatu zina unene mmoja, ila inayofaa kwenye tundu hilo ni moja tu.

Kinachodumu

Magari mapya hayana tena hesi ya Whitworth, na spana zilizochorwa vipimo vyake, ambazo huhesabu unene wa bolti badala ya upana wa kichwa, zimekuwa nadra. Lakini pembe yake ya digrii 55 haijazikwa. Ilibaki katika hesi ya mabomba, iliyokubaliwa kimataifa na inayotumika Uganda. Fundi bomba wa Mbale anayenunua bomba la nusu inchi katika duka moja na koki katika duka lingine, vilivyotengenezwa na viwanda visivyojuana, huvifunga pamoja bila kuuliza kama vitalingana. Jambo hilo, ambalo leo hakuna anayelishangaa, ndilo lililokuwa halipo Joseph Whitworth alipoingia katika karakana kwa mara ya kwanza.